Mtu wa Ukurasa wa Mwisho

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, wifi na watoto, nikiomba barua hii iwakute mkiwa wazima, na ile homa ya kitinda mimba iwe imeshaondoka ili aendelee kuwasumbua kama ilivyo kazi yake. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako anachechemea kidogo tangu ajiingize kwenye mpira wa wafanyakazi na wenzake, watu wazima ambao wangekaa tu pembeni wakanywa chai. Mpwa wako mkubwa amerefuka, siku hizi anavaa viatu vyangu bila kuomba. Kwa upande wa miili, basi, hatuna la kulalamikia. Kwa upande wa moyo mimi siko sawa, na ndiyo sababu jibu la barua yako limechelewa wiki tatu.

Barua yako niliipata. Niliisoma nimesimama jikoni, mkoba ukiwa bado begani. Ulinieleza kwamba siku ya kulazwa ilipofika ulikwenda kliniki na kijibegi chako, wifi ameshakunyooshea pajama mbili, ukiwa tayari kubadilishwa nyonga uliyoingoja miaka mitatu. Dada wa mapokezi akakuambia jina lako halimo kwenye orodha. Jalada lako limesimamishwa kwa sababu kuna taarifa ya mashaka juu yako, posho nayo imesimama, na mpaka ufike mbele ya bodi ya madaktari hakuna atakayekugusa. Ukarudi nyumbani na begi lako. Wifi ameniambia kwenye simu kwamba sasa unalala kwenye kiti, maana ukijinyoosha kitandani vile vyuma vya vita vilivyobaki ndani vinakukata.

Ukamalizia kwa kuniandikia hivi: "Wewe uko jikoni kabisa huko bungeni. Sikuombi upendeleo. Nitafutie tu aliyenisema, nimjue." Nimeshamjua, kaka. Sikuhangaika kumpata. Nitakutajia kabla sijaweka kalamu chini, lakini niruhusu kwanza nikueleze mambo yalivyokwenda, kwa sababu nikianza na jina najua hutasoma yaliyobaki.

Unakumbuka nilipopandishwa cheo ulinicheka, ukasema nalipwa kwa kuwasomea wabunge magazeti. Hukukosea sana. Ofisini tuko watano, chumba kimoja, dirisha moja lisilofungika na birika linalochemka pale tu likitaka. Kabla ya kila mjadala wa matumizi ya serikali tunawaandalia wajumbe wa kamati muhtasari: kurasa ishirini za majedwali na maelezo. Wajumbe hawayasomi majedwali. Wanafunua haraka haraka mpaka ukurasa wa mwisho, kwa sababu wanajua huko kuna mtu.

Ukurasa huo ni ubunifu wa mkuu wetu, ambaye tunamwita Miwani Miwili kwa sababu ana ya kusomea puani na ya kuonea mbali kichwani, na bado kila asubuhi anauliza nani kaona miwani yake. Yeye husema takwimu humwingia mjumbe sikio hili zikatokea lile, lakini mtu hubaki. Kwa hiyo ukurasa wa mwisho tunaandika habari ya mtu mmoja, nusu ukurasa, bila jina: mama aliyejifungulia kwenye korido, mwalimu mwenye wanafunzi tisini, mzee aliyengoja miwani mpaka akawa haioni hiyo miwani yenyewe. Na kuna sharti moja ambalo Miwani Miwili hulitaja kama mtu anayetaja kabila lake: mtu huyo lazima awe wa kweli. Nakala zinazokwenda kwa wajumbe hazina jina wala namba. Lakini nakala moja inayobaki kabatini kwetu huandikwa pembeni namba ya jalada alikotoka mtu huyo, ili siku yoyote asije mtu akasema tumempika.

Mwandishi wa ukurasa huo ni mimi. Nina mkono wa kuandika, wewe mwenyewe ulikuwa ukisema hivyo, na kazini walinisifia mpaka nikavimba kichwa. Mwaka mmoja ukurasa wangu ulipata vitanda vya wodi za wazazi. Unajua nilivyojifungua mtoto wangu wa kwanza, tulivyolala mzungu wa nne na mwanamke nisiyemjua, miguu yake usoni kwangu. Vitanda vile vilipopitishwa nilikwenda chooni nikalia kwa furaha. Nakueleza haya ili ujue kwamba sikuingia kwenye kazi ile nikiwa mtu mbaya.

Mwaka huu ikaja zamu yenu, askari wastaafu na majeruhi. Mwenyekiti wa kamati alisema mfuko wa matibabu na posho zenu unanenepa kila mwaka kwa kuwa mnazeeka na magonjwa yenu yanazeeka pamoja nanyi. Alisema vita vile vilikwisha kabla nusu ya wananchi hawajazaliwa, na kwamba tunachukua dawa za watoto wa leo kulipia ahadi za jana. Si mtu mkatili. Aliyasema kama mtu anayegawa blanketi fupi kwa watoto wengi.

Akajibiwa na mbunge mmoja mama, ambaye kabla ya siasa alikuwa muuguzi kwenye wodi za wanajeshi. Huyo hapazi sauti kamwe, mpaka wengine wananyamaza ili wamsikie. Alisema serikali ilipowahitaji vijana wale haikuwauliza watagharimu kiasi gani wakizeeka, kwa hiyo haina haki ya kushangaa leo. Alisema vita vimekwisha kwetu sisi tuliovisoma, lakini kuna watu wanavifunga bandeji kila asubuhi. Mimi nilikuwa pembeni naandika kumbukumbu, na nisikudanganye, niliwaitikia wote wawili kwa kichwa. Asubuhi nilikuwa upande wa mwenyekiti, mchana nikawa upande wa muuguzi. Sikuwa na upande, nilikuwa na kalamu tu.

Mwenyekiti akapendekeza uhakiki: kila anayelipwa posho ya ulemavu apimwe upya, na anayetiliwa mashaka asimamishiwe matibabu mpaka ajieleze. Ili pendekezo lipite alitaka ukurasa wa mwisho wenye mtu mzima wa afya anayekula posho ya kilema. Miwani Miwili akanikabidhi kazi hiyo na kunipa siku tano.

Nikashuka masjala. Karani wa huko, mzee wa watu anayevaa koti mwaka mzima, alinisukumia majalada kwenye toroli, nikakaa siku nne nayasoma. Nilimpata mmoja aliyeombea posho wake wawili ilhali alikuwa na mke mmoja tu, naye mtu huyo ameshafariki. Nilimpata mwingine aliyeandika kwenye fomu ya kwanza kwamba sikio bovu ni la kushoto na kwenye ya pili kwamba ni la kulia; nilipofika kwenye ripoti ya daktari nikakuta yote mawili hayasikii. Waliobaki walikuwa vile vile walivyosema. Yuko anayeandikiwa na mkewe kwa sababu mikono haitulii. Yuko aliyeomba ahamishiwe nyumba isiyo na ngazi, akaziorodhesha ngazi zote anazopanda kwa siku, mpaka zile za posta. Siku ya nne jioni nilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa kwamba mtu wanayemtaka hayupo. Hapo ndipo nilipopaswa kupanda juu nikaseme. Ningekuwa nimeustahili mshahara wangu kuliko siku yoyote.

Siku ya tano ukurasa ulikuwa mezani kwa mwenyekiti.

Unaujua ukurasa huo, kaka. Nchi nzima inaujua. Mwenyekiti aliusoma bungeni bila kuutazama, alishaukariri. Ulimhusu mtu anayelipwa posho ya daraja la juu, anayefika kliniki na magongo mawili, ambaye siku ya harusi ya jirani aliyaacha magongo yake, akaingia ukumbini kwa miguu yake, akacheza wimbo baada ya wimbo mpaka wanawake wakapanda juu ya viti wamwone vizuri. Mwezi uliofuata fomu yake ikasema hawezi kusimama robo saa. Wabunge walicheka, halafu wakakasirika kwa sababu walikuwa wamecheka. Uhakiki ukapitishwa kabla ya chakula cha mchana. Yule mama muuguzi aliuliza mtu huyo ni nani na alicheza lini, sauti yake ikamezwa na makofi ya meza.

Wewe uliniandikia wiki ile ile. Ulisema mliisikia redioni mkiwa kwenye benchi la kliniki, wewe, Sajini na yule mwenzenu mnayemwita Tarumbeta. Ulisema Tarumbeta aliapa akimkamata mtu huyo atamvunja mguu ili apate sababu ya kweli ya kulipwa, mkacheka, lakini wewe ulikereka kuliko wote, maana mtu mmoja kama huyo anawafanya ninyi wote mtazamwe kwa jicho la pembeni. Ukaandika kwamba ungependa ukutane naye ana kwa ana umuulize kama hana haya. Nami nikakujibu. Unakumbuka nilivyokujibu? Nilisema ni kweli, kuna watu wamekosa aibu kabisa. Halafu nikakuandikia ukurasa mzima kuhusu mvua.

Mtu yule ni wewe, kaka. Na aliyekusema ni mimi.

Nimenyanyuka hapa mezani nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Nimerudi. Naendelea.

Ilikuwa wakati wa chai ya jioni, ile siku ya nne. Wenzangu waliniuliza kama nimempata mtu, nikasema mbona watu wote ni wagonjwa, tukacheka. Nikataka kuwachekesha zaidi. Nikawasimulia jinsi kaka wa bibi harusi alivyocheza kwenye harusi moja niliyohudhuria, na nikaigiza kwa mabega na kiuno kama tunavyoigiza nyumbani. Wimbo mmoja nikaufanya watatu. Watu wakafuta machozi. Miwani Miwili akatoka na kikombe chake, yeye hakucheka, akauliza kama mtu huyo ni wa kweli. Nikasema ni wa kweli. Akauliza kama ana jalada. Nikasema analo. Hakuniuliza ni nani yangu, nami sikumwambia. Akasema, basi, una ukurasa wako.

Nilipoandika nilibadilisha vitu vidogo ili usiguswe, hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Harusi yangu nikaifanya ya jirani. Sikuandika kwamba ilikuwa miaka kumi na miwili iliyopita. Kisha nikafika kwenye nakala ya kabatini, pale pembeni panapotaka namba. Nilikuwa na njia mia za kukwepa. Lakini nilikuwa nimechoka, muda umekwisha, na namba yako naijua kwa moyo. Nimekujazia fomu tangu nikiwa sekondari, mkono wako ulipokuwa kwenye plasta, na plasta ilipotoka kazi ikabaki yangu. Kalamu iliiandika kabla sijafikiri. Niliamini nakala ile italala kabatini kama zote zilivyolala. Ila mwenyekiti alikuwa ameliahidi bunge kwamba mchezaji yule ndiye atakayeitwa wa kwanza, na ofisi ya uhakiki ilipofunguliwa, karatasi ya kwanza waliyoiomba ilikuwa ile. Ndiyo maana jalada lako ni la kwanza kwenye orodha. Si bahati mbaya, wala si dada wa mapokezi, wala si yule jirani ambaye wifi anamshuku. Mwambie wifi amwache jirani wa watu.

Nilikaa nikijiuliza imekuwaje hukujitambua. Nilifika mahali pa kukukasirikia, eti mbona hajijui? Hadithi ile tumeisimulia nyumbani miaka yote, ingawa mara nyingi wewe ulikuwa umeshatoka chumbani. Ni juzi tu nilipojiuliza kwa nini ulikuwa unatoka, nikapata jibu ambalo kwa hakika nilikuwa nalo tangu siku ile. Hukujitambua kwa sababu hukucheza.

Baba alikuwa hayupo tena, kwa hiyo wa kuniingiza ukumbini ulikuwa wewe. Wifi alikuwa ameyazungushia magongo yako utepe mweupe ili yafanane na gauni langu. Nilipotazama kupitia mlangoni nikawaona wakwe zangu wamepangana safu ya mbele, na nguo zao zile, nikaona haya. Si haya ya bibi harusi. Niliyaonea haya magongo. Nikakuomba uyaache kwenye gari, nikakuambia ni hatua chache tu mpaka kwenye viti. Uliyatazama, ukanitazama. Ukasema, "Sawa. Ila usiniachie mkono."

Nikaahidi. Tulifika katikati vizuri. Mpiga picha akaniita nigeuke niinue maua, vigelegele vimejaa ukumbi mzima, nikageuka, nikainua mikono yote miwili. Haukuwa muda mrefu, labda wa kufunga vifungo viwili vya shati. Nilipogeuka nikakuona peke yako kwenye ile sakafu iliyong'arishwa, huna pa kushika, unatupa mguu huu, unatupa ule, kiwiliwili kinakwenda huku na huku, mikono imetanuka. Muziki ulikuwa unapigwa. Mtu akapaza sauti kwamba kaka wa bibi harusi anacheza, na ukumbi wote ukasimama. Wote waliitazama miguu yako. Mimi niliuona uso wako. Jasho lilikuwa linakutoka na macho yako yalikuwa yanautafuta mkono wangu.

Nami nilipiga makofi, kaka. Nilipiga makofi pamoja nao, kwa sababu kama ule ulikuwa mchezo basi hakuna aliyekuwa anaanguka, na kama hakuna aliyekuwa anaanguka basi hakuna aliyekuangusha.

Dereva wa gari letu ndiye aliyekuja akakushika kwapani. Ukatabasamu, ukawainamia watu kama msanii, na tangu siku hiyo ukawa kaka aliyecheza. Wifi aliniambia baadaye kwamba umelala wiki tatu kwa mafua. Nilikubali mafua hayo kwa sababu yalinifaa. Hukuwahi kunisahihisha hata siku moja. Sijui kama uliona ni afadhali uitwe mchezaji kuliko kuonekana ulipepesuka mbele ya wakwe, au ulinyamaza ili mimi nisiaibike siku yangu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili ya kukuuliza.

Sasa nikueleze nilichofanya, ingawa ni kidogo. Nilikwenda kwa Miwani Miwili nikamwambia yote. Alivua miwani yote miwili akaiweka mezani, sijawahi kumwona hivyo, akaniuliza kwa nini sikusema ni ndugu yangu. Nimeondolewa kwenye uandishi, nimepelekwa masjala mpaka uchunguzi uishe, na huenda kazi yenyewe ikaisha. Shemeji yako nilimwambia siku hiyo hiyo. Akasema hata yeye alipiga makofi, ila yeye hakujua. Tangu siku hiyo sahani yake anaosha mwenyewe.

Kisha nikamwendea yule mama muuguzi. Nilidhani atanifukuza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia safari hii nisiandike hadithi, niandike hati ya kiapo: tarehe, mahali, nani alikuwa wapi, nani aliomba magongo yaachwe. Nimeiandika na nimeapa mbele ya mwanasheria. Imo ndani ya bahasha hii. Hakuna sentensi nzuri hata moja ndani yake.

Ugumu ni huu. Bodi haitaipokea hati hiyo mpaka wewe mwenyewe utie sahihi kwamba ndivyo ilivyokuwa. Bodi inakaa Alhamisi ya wiki ijayo kwenye ukumbi wa kliniki, milango wazi, na wote walioitwa wanakaa kwenye mabenchi wakingoja zamu. Sajini atakuwepo. Tarumbeta atakuwepo. Hati itasomwa kwa sauti. Watajua kwamba yule mtu wa redioni ni wewe, na hapo hapo watasikia kwamba hukuwa unacheza, ulikuwa unaanguka. Nakujua. Najua kwamba kwako kuanguka mbele ya watu ni kubaya kuliko nyonga yenyewe, la sivyo usingekubali kuitwa mchezaji miaka yote hiyo.

Usipotia sahihi, bodi itabaki na ukurasa wangu. Utapimwa ukiwa tayari umeshahukumiwa kuwa tapeli, nyonga itangoja, na wanaokufuata kwenye orodha watapimwa kwa kipimo hicho hicho. Mama muuguzi anasema jalada lako likisafishwa, yeye atasimama bungeni na kuuliza uhakiki huu umejengwa juu ya nini. Sikuandikii haya ili kukusukuma. Mimi ndiye mtu wa mwisho mwenye haki ya kukusukuma. Nilishakuweka kwenye karatasi mara moja bila kukuomba, sitafanya hivyo mara ya pili. Mama muuguzi alitaka nakala, nikamwambia ipo moja tu na ni yako. Ukiichana, imechanika, na sitaandika nyingine bila neno lako.

Alhamisi nitakuwa pale tangu milango inapofunguliwa, uwe umetia sahihi au hukutia. Wakiniuliza nitasimama niseme kwa mdomo wangu, mbele ya hao wenzako, kwamba niliona haya. Ukipita mlangoni bila kunisalimu nitaelewa, nitaingia nyuma yako na kukaa benchi la mwisho.

Mpe wifi salamu zangu, na umpe barua hii aisome yote, usimfiche popote, maana ni yeye aliyekukanda wiki zile tatu. Watoto waambie shangazi yao anawasalimu. Mengine utawaambia wewe ukiona inafaa. Nakuombea maumivu yapungue, na hata yasipopungua upate walau saa chache za kulala umenyooka.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekupigia makofi.